Pikapu Iliyokataa Kuinama

Harufu ya grisi nzee, ile iliyokaa chini ya gari mpaka ikashika vumbi la mawe yetu meusi, hunikasirisha kabla hata sijajua ninamkasirikia nani. Juzi ilinikuta hapa Keshero, mjini Goma, nikirudi sokoni na mfuko wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, mkononi. Katika garaji moja ya kando ya barabara vijana walikuwa wamelala chini ya pikapu, miguu nje, nyundo zikilia, na mwenye gari amesimama mikono kiunoni, anatabasamu. Walikuwa wakiongeza lame. Ninyi mnaoishi kwenye barabara laini huenda hamzijui: ni vyuma bapa vilivyopinda kidogo, vinavyopangwa kimoja juu ya kingine chini ya gari, upande wa nyuma, ili vibebe uzito na kumeza mashimo. Mwenye gari aliniambia, ingawa sikumuuliza, kwamba anataka kuvuta rimoki, yaani tela, kubwa mpaka Sake, kwa hiyo anaifanya gari iwe solide, ngumu isiyotikisika.

"Na ndani ya rimoki utabeba nini?" nikamuuliza.

"Batu. Wanakwaya wa kanisa yetu."

"Umewauliza kama wanataka solide?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mama aliyepungukiwa na kitu kichwani. Nikaondoka na sambaza zangu. Hapo ndipo nilipoamua kuwaambieni habari ya karavani yetu. Nimeinyamazia miaka mingi, na hasira si kitu cha kuweka akiba.

Nilikuwa bado shule ya msingi pikipiki iliponigonga. Nilikuwa natoka ziwani kuchota maji, bidoni la njano mgongoni, napita pembeni kabisa ya barabara kama tulivyofundishwa. Dereva aliinuka, akapangusa suruali yake, akaanza kunigombeza mimi, eti nimemvunjia taa. Naomba mlione vizuri jambo hilo: mtoto amelala juu ya mawe, paja limevunjika, na mtu mzima mwenye ndevu anamdai taa. Mpaka leo nikiona pikipiki isiyo na taa ya mbele humchungulia uso dereva wake.

Hospitalini walinifunga plâtre, plasta nyeupe, ngumu, kuanzia kiunoni mpaka vidole vya mguu, nikawa ubao wenye kichwa. Daktari alimwambia Papa mbele yangu, kana kwamba sikuwepo, kwamba nisikalishwe, nilazwe chali, na zaidi ya yote nisirushwerushwe. Mfupa ukihama kabla haujashika, alisema, mguu huu utapona ukiwa mfupi kuliko mwenzake, na hapo hakuna dawa. Njiani kurudi nyumbani, nikiwa nimelazwa nyuma ya pikapu yake juu ya magodoro, Papa aliendesha polepole mpaka wauza makala, yaani makaa, wenye chukudu, zile baiskeli zetu za mbao zisizo na pedali, wakatupita wakicheka.

Papa alikuwa mtu wa pikapu. Alibeba mbao, alibeba makala, alibeba kabeji kutoka milimani, na watu wote wa mtaa wetu wa Katoyi walimwita Papa Aline kwa sababu mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Nyuma ya nyumba yetu tulikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine mtaani alikuwa nacho: karavani, kijumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari. Wazungu fulani waliokuwa wanazunguka dunia waliiacha kwenye uwanja wa nyumba moja Himbi, gari lao lilipokufa, wakapanda ndege wakaenda zao. Mwenye nyumba alipochoka kuiona alimwambia Papa aiondoe. Papa hajawahi kukataa kitu chenye magurudumu. Aliikokota mpaka kwetu siku hiyo hiyo. Mama alipoiona alisema, haya, tumepata nyumba ya kuku, na kweli kuku wakahamia.

Sasa, Tonton Déo, mdogo wake Papa, alikuwa amepata mchumba Mushaki, kule juu ukishapita Sake, kwenye malisho ya ng'ombe. Siku ya kupeleka mahari, dot kama tunavyoiita, ilikuwa imepangwa, na kabla ya ajali mimi nilikuwa nimechaguliwa kubeba kile kikapu cheupe chenye kifuniko kirefu kilichochongoka, nimkabidhi bibi arusi kwa mikono miwili. Nilikuwa nimejifunza kuinama, nimejifunza kutembea bila kutazama chini. Kisha nikavunjika, na kikapu kikapewa binamu yangu, mtoto asiyeweza kutembea kutoka jikoni mpaka sebuleni bila kujikwaa. Hilo nalo sijalisamehe.

Jioni moja nilisikia watu wazima wakijadili nitaachwa kwa nani. Koko, mama mzazi wa Papa, alisema nitabaki kwa majirani.

"Atakula, atalala, atatungoja," alisema. "Mutoto wa plâtre ataenda kufanya nini ku dot?"

Nikapiga kelele kutoka chumbani. Niliwaambia kwamba mimi si kiti cha kuachwa nyumbani. Kisha nikasikia sauti ya Papa, taratibu, kama kawaida yake.

"Atalala ndani ya karavani. Atalala chali, vile docteur alisema. Mi siendi Mushaki bila yeye."

"Na kuku?" Mama akauliza.

"Kuku watahama."

Kuku walihama. Harufu haikuhama. Mama alisugua karavani kwa sabuni na majivu mpaka mikono ikachubuka, akatundika pazia la kitenge kwenye kidirisha, na bado ukivuta pumzi ndefu ulijua waliotangulia kukaa pale ni akina nani. Lakini nililazwa ndani kujaribu, nikatazama dari, nikajiona malkia.

Shida ilikuwa pikapu. Lame zake zilikuwa zimechoka kwa miaka ya makala. Papa alipopakia mizigo nyuma na kuifunga karavani kwenye ndoano, mkia wa pikapu ulilala, pua ikatazama juu, na taa za mbele zikawa zinamulika ndege. Usukani, Papa alisema, ulikuwa mwepesi kuliko inavyofaa. Basi wakaipeleka garaji ya Muzee Kasereka, Ndosho, na kwa kuwa karavani ilikuwa imefungwa nyuma na mimi nilikuwa nimeshalazwa ndani, nikakokotwa pia. Mlango ukaachwa wazi nipate hewa. Kwa hiyo nilisikia kila neno la baraza lile la wanaume, na nawaapia sijawahi kusikia watu wakikubaliana haraka namna ile juu ya jambo lisilowaumiza.

Muzee Kasereka alikuwa fundi mwenye sauti nzito na tumbo la heshima. Hakuinama hata kuangalia.

"Hii gari iko na njaa ya lame," alisema. "Tunaongeza za lori. Hata ukivuta kanisa, haitalala."

"Ongeza," Tonton Déo akasema. "Na karavani pia, ongeza. Iwe solide."

Wakatoa lame za lori moja lililokuwa limekufa pale uani, vyuma vinene kama kiganja, wakavipiga, wakavibana, wakavipachika chini ya pikapu na chini ya karavani. Kisha Tonton Déo, ambaye ni mtu wa mwili mkubwa, akapanda nyuma ya pikapu akaruka kwa nguvu zake zote. Gari halikutikisika. Hata kidogo! Wanaume wakapiga makofi. Muzee Kasereka akapangusa mikono kwa tambara, akasema, "Munaona? Haiinami."

Wakaisifu kama mtu anavyosifiwa kwa kutokulia msibani. Kwetu Goma ndivyo ilivyo. Mawe ya volkeno yametuzoeza hivyo: kitu kizuri ni kigumu. Kiatu kigumu, ukuta mgumu, kichwa kigumu. Hakuna mtu mmoja aliyejiuliza, kama chuma kimekataa kuinama, yale mashimo atayameza nani. Atayameza aliyelala ndani, jamani! Ningekuwa na mguu ningeshuka niwaambie.

Siku ya majaribio walipakia karavani kama itakavyopakiwa siku yenyewe. Na hapa lazima niwaeleze desturi yetu, la sivyo hamtaelewa ujinga uliofuata. Kwenye dot, watu wa upande wa mume hushukia nje ya ua. Gari lililobeba zawadi ndilo linaloingia. Mlango wake ukifunguliwa, kitu cha kwanza kugusa ardhi ya wakwe lazima kiwe pombe. Pombe ndiyo inayobisha hodi. Kabla haijashuka hakuna salamu, hakuna mazungumzo, na kitu kingine kikitangulia, wenye mji wana haki ya kuwatoza faini na kuwasimanga mpaka jua lizame. Mkono mtupu haulambwi, Koko alikuwa akisema, na alisema hivyo kila mara mtu alipogusa kreti.

Sasa, mlango wa karavani yetu ulikuwa nyuma kabisa. Kwa hiyo makreti yote ya bia na mabidoni yote ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, yakapangwa nyuma, mlangoni, tayari kubisha hodi. Mimi na kitanda changu tukawekwa mbele. Uzito wote ukawa mkiani, na mkiani kule ndiko hakuna gurudumu.

Tulitoka Katoyi asubuhi. Jiwe la kwanza liliponipokea niliuma ulimi. La pili likaninyanyua mwili mzima, plasta na yote, likaniweka tena. Pikapu iliporuka, na iliruka kila hatua kwa kuwa haikujua tena kufanya kitu kingine, iliunyanyua mdomo wa karavani na kuubwaga. Na mkia, kwa ule uzito wa pombe, ukawa unacheza huku na huku na kuuvuta mdomo juu. Chupa zilikuwa zinacheka nyuma yangu. Nilishika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili. Ndani ya plasta nilisikia maumivu ambayo nilikuwa nimeshayasahau, yale ya siku ya pikipiki. Nilimwita Papa. Nilimwita Mama. Nilimwita mpaka Yesu. Kelele za vyuma zilikuwa kubwa kuliko mimi.

Tulipofika garaji, wanaume wakamzunguka Papa mlangoni mwa kabini.

"Inatembea aje?" Muzee Kasereka akamuuliza.

"Haijalala," Papa akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayefikiri. "Usukani tu ndiyo inanitoroka."

"Utazoea."

"Inanirusha!" nikapiga kelele kutoka ndani. "Muguu inaniuma! Inanirusha!"

Muzee Kasereka akachungulia, akaniona nimelowa machozi, akarudisha kichwa nje. "Mutoto analia juu ya ajali yake," akawaambia wenzake. "Haiko juu ya gari. Gari iko bien, haina shida."

Nawaambia, nimeonewa mara nyingi maishani, na ofisi na watu, lakini sijawahi kuonewa kama siku hiyo. Gari zima lilikuwa limetengenezwa kwa ajili yangu, na mtu pekee aliyekuwa ndani yake ndiye ambaye ushahidi wake haukukubaliwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walimuuliza dereva, ambaye alikuwa amekaa juu ya kiti chenye sponji.

Mama, aliyekuwa amepanda kabini na Papa, alishuka. Alivua viatu vyake, akapanda karavani, akajibana kando ya kitanda changu, akafunga mlango. "Twende," akagonga ukuta. "Zungukeni."

Mama alikuwa mtu wa heshima zake, mama wa kwaya, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa hakijawahi kulegea mbele ya watu. Tulizunguka Ndosho yote. Kwenye jiwe la kwanza alisema "Mungu yangu." Kwenye la pili aligonga kichwa kwenye kabati la wazungu. Baadaye hakusema tena, alinilalia kifuani anizuie nisiruke, na nilisikia meno yake yakigongana. Mlango ulipofunguliwa alishuka bila kitambaa, nywele zimesimama, amelowa kasiksi begani.

"Nani alisema gari iko bien?" akauliza.

Wanaume wakaanza kuokota nyundo zao.

"Ninauliza. Nani? Wewe, Muzee Kasereka? Panda! Panda na wewe ulale pale, nikuvunje muguu kwanza, ndiyo tuzunguke!" Akamgeukia Tonton Déo. "Na wewe uliruka-ruka juu yake kama mubuzi, ukapiga mikono. Munatengeneza gari ya mugonjwa, munaifanya jiwe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake! Toeni hizo vyuma. Toeni zote, leo, mi niko hapa naangalia."

Siku hiyo nilimpenda Mama kupita kiasi. Mpaka leo nikitaka kumkumbuka namkumbuka hivyo, bila viatu, nywele wima, anamwonyesha kidole mtu mwenye tumbo.

Lame za lori zikatolewa. Na bila shaka mkia wa pikapu ukalala tena, taa zikarudi kumulika ndege, na Muzee Kasereka akakunja mikono, kana kwamba anasema, haya sasa. Papa akakaa juu ya gurudumu bovu kando ya barabara. Alikaa pale muda mrefu. Nilimwona kupitia kidirisha, anatazama chukudu zinavyoteremka na makala. Papa mwenyewe alikuwa amesukuma chukudu ujanani, kabla ya pikapu, na mabega yake yalikuwa bado na alama. Chukudu moja ilipita imebeba magunia makubwa, na yote yalikuwa yamesogezwa mbele, karibu na usukani, kijana amepiga goti moja nyuma na mguu mwingine unasukuma. Papa akaifuata kwa macho mpaka ikapotea, akasimama.

"Hakuna mutu wa chukudu anaweka muzigo ku mukia," alimwambia Mama. "Gurudumu ya mbele inanyanyuka, inakuacha. Tulikuwa tunajua hii. Tumeisahau juu ya pombe."

Akaanza upya. Aliacha lame moja tu ya ziada kwenye pikapu, nyembamba, ya gari dogo kama lake, na kwenye karavani hakuacha hata moja. Alibadilisha vile vyuma vya kupunguza mruko, amotisere, maana vya zamani vilikuwa vimekauka. Alipunguza upepo kwenye matairi ya karavani. Mizigo ya pikapu akaisogeza yote nyuma ya kabini. Na ndani ya karavani alibeba makreti na mabidoni, moja moja, akayatoa mlangoni, akayapanga mbele, hatua ndogo mbele ya magurudumu. Kitanda changu akakileta katikati, juu ya magurudumu yenyewe, mahali ambapo panarushwa kidogo kuliko pote. Mkia ukabaki mtupu.

Koko ndiye aliyeona kwanza.

"Papa Aline, pombe itatoka aje? Mutoto amefunga njia."

Ilikuwa kweli. Karavani ni nyembamba; kitanda kilijaza njia yote. Ili pombe itoke, lazima mimi nitolewe kwanza.

"Tutafika Mushaki, mulango inafunguka, batu bote banaangalia, na kitu ya kwanza kushuka ni plâtre?" Tonton Déo alikuwa karibu kulia. "Kaka, hii ni dot yangu. Batasema tumewaletea mikosi."

Papa alikuwa anakaza kamba ya makreti. Hakugeuka. Walibishana naye mpaka jioni, na yeye akaendelea kukaza kamba, na kesho yake akasema anaenda sokoni, akarudi na mbuzi mweupe mwenye sikio lililochanika. Hakuna aliyeniambia mbuzi huyo ni wa nini. Zawadi, nikadhani.

Asubuhi ya safari mbuzi alifungwa nyuma ya pikapu, juu kabisa, ambapo anaona kila kitu. Hilo liliniudhi sana. Mimi nilikuwa nimepigania safari ile kwa machozi, na mbuzi ndiye aliyepewa nafasi ya kutazama ziwa. Nilikuwa nimepanga kuchungulia kidirishani njia nzima, kuhesabu mawingu ya milima ya Masisi. Lakini pikapu ilipoingia barabarani, kitu fulani kikatokea ambacho sikukitegemea: karavani ikaanza kubembea. Jiwe lilikuja, nikalisikia likija, na pikapu ikainama kidogo, ikainuka, na lile jiwe likapita chini yangu bila kunigusa. Jingine likapita. Nikalala. Nililala Mugunga, nililala Sake, nililala mlima wote. Mara moja tu niliamka nusu, gari likiwa limesimama, nikasikia wanaume wanagombana nje, na sauti ya Papa ikasema, "Hapana." Kisha tukaendelea, nami nikalala tena.

Niliamshwa na mwanga. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na mbele yake kulikuwa na ua mzima wa watu waliovaa vizuri, wamesimama kimya, wanangoja pombe. Papa na Tonton Déo wakanishika, mmoja mabegani na mwingine miguuni, wakanishusha. Kiganja changu kiligusa nyasi za Mushaki, zilikuwa na umande. Hicho ndicho kitu cha kwanza cha ukoo wetu kilichogusa ardhi ya wakwe.

Mzee msemaji wa upande wao, mwenye kofia na fimbo, alinitazama kwa muda. Kisha akageukia watu wake.

"Tuliomba pombe," akasema. "Hawa wametuletea mugonjwa. Banatuomba mutoto ao banatuomba dawa?"

Ua mzima ukacheka. Akina mama walicheka mikono mdomoni, watoto wa rika langu wakanichungulia. Nilikuwa nimelala chini, plasta juu ya nyasi, harufu ya kuku mwilini, na nikamtazama Papa. Papa wangu alikuwa mrefu, na alikuwa na maneno alipotaka. Nilingoja awaambie. Nilingoja awaambie juu ya pikipiki, na daktari, na mfupa. Badala yake alivua kofia, akainama, akainama chini kabisa mbele ya yule mzee.

"Ni kosa letu, muzee," alisema. "Tunaomba pardon. Tuko tayari kwa faini."

Msemaji akataka mbuzi. Wakacheka tena, na sherehe ikaendelea, na wanaosimulia wanasema ilikuwa nzuri. Mimi sijui. Binamu yangu alijikwaa na kikapu, hata hilo halikunifurahisha. Nilichosikia ni neno moja: kosa. Papa alikuwa amesema mbele ya watu wote kwamba mimi ni kosa. Njia nzima ya kurudi nilijifanya nimelala, na nyumbani sikumsalimia kwa muda ambao hata Koko aliuona mrefu. Alipokuja kitandani kuniuliza kama mguu unauma nilijibu ukutani.

Plasta ilitolewa, nikajifunza kutembea, nikakua. Nilirudi kumsalimia Papa, maana mtoto hawezi kumgomea daima mtu anayemnunulia mandazi. Lakini lile neno nililihifadhi. Nilipokasirika naye juu ya jambo lolote, hata juu ya chumvi, nilikuwa nalitoa na kulitazama.

Mwaka jana Tonton Déo alimwoza binti yake. Yeye sasa ndiye mzee mwenye kofia. Tulikuwa tumekaa pamoja tukingoja wageni, gari lao limechelewa, akaanza kucheka peke yake.

"Unakumbuka dot yangu?" akaniuliza. "Papa yako alinitesa siku ile. Tulifika pale chini ya mupando wa mwisho, kilima ya wakwe, mi namwambia, kaka, simama. Tumefika. Tutoe mutoto, tupange pombe ku mulango, amubebe mutu kwa mikono, ao arudi mbele kidogo tu, mupando moja tu. Kila mutu alimwambia. Hata Mama yako, kidogo tu, alimwambia. Akasema hapana. Ile mupando ndiyo ilikuwa na mawe mabaya kuliko yote."

Nikaikumbuka ile "Hapana" niliyoisikia usingizini.

"Na faini ikamwangukia," nikasema.

Tonton Déo akanishangaa. "Ikamwangukia namna gani? Aliinunua mwenyewe tungali Goma. Ile mubuzi ya sikio mbovu. Ilikuwa ya nini ingine? Dot yetu haikuwa na mubuzi. Ng'ombe tulikuwa tumeshapeleka."

Wageni wakafika, pombe ikashuka kwanza, kila kitu kikaenda kwa mpango. Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa namwona yule mbuzi juu ya pikapu, anatazama ziwa. Papa aliondoka nyumbani asubuhi ile anajua atachekwa, anajua ataitwa mbele ya ua mzima, anajua maneno atakayosema na kiasi atakachoinama, na adhabu yake alikuwa amekwisha kuifunga kamba nyuma ya pikapu kabla hajawasha gari. Nikakasirika upya, vibaya kuliko mwanzo. Hasira hii haikuwa tena ya kwangu. Nilimkasirikia yule mzee mwenye fimbo, ambaye amekwisha kufa. Nikaukasirikia ua ule wote, kucheka kwao, na desturi isiyojua kutofautisha dharau na mtoto aliyevunjika. Nikajikasirikia na mimi kidogo, lakini nilikuwa mtoto, na hakuna aliyeniambia.

Hilo ndilo nililoenda kumuuliza Papa. Anaishi bado Katoyi, karavani bado iko nyuma ya nyumba, na kuku wamerudi.

"Papa, juu ya nini hukuniambia mambo ya mbuzi?"

Alifikiri, kama kawaida yake.

"Ningekuambia, ungebishana na wakwe," alisema. "Ukiwa umelala chini vile vile. Nilikujua."

Nikamwambia kwamba faini ile haikuwa haki. Nikamwambia kwa sauti kubwa, nikamwambia kwa ajili ya miaka yote, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Papa alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akafanya jambo alilokuwa akilifanya kila nilipomtembelea, tangu plasta ilipotolewa, na ambalo siku zote nilidhani ni la kupima urefu wangu, ingawa hakuwahi kuweka alama ukutani.

"Vua viatu," akasema. "Simama wima."

Nikavua, nikasimama mgongo mlangoni. Muzee wangu akainama taratibu, mkono mmoja gotini, akatazama sakafu, mahali ambapo visigino vyangu viwili vilikuwa vimekanyaga pamoja, kimoja hakijainuka kuliko mwenzake.